Pamba Hasikii, Hutazama

Watu wanaokutana nasi njiani hapa Uthiru, wakishaambiwa kwamba mbwa wangu Pamba ni kiziwi, karibu wote huuliza jambo moja: "Sasa huyu unamwitaje?" Mimi huwajibu kwamba simwiti. Mbwa asiyesikia akishakupa mgongo, unaweza kupaza sauti mpaka Kinoo wakusikie na yeye aendelee kunusa ukuta. Kinachobaki ni kumzoeza asikupe mgongo kwa muda mrefu. Ishara za mikono, ambazo ndizo kila mtu hutaka kuonyeshwa, hazikunitoa jasho. Macho yake ndiyo yaliyonitoa jasho.

Alizaliwa kwenye karakana ya mbao iliyo nyuma ya ploti yetu. Mama yake ni mweupe mwenye mabaka meusi, mlinzi wa mbao usiku. Baba ni siri ya mtaa. Ndugu zake wenye rangi walichukuliwa mapema. Yeye alisalia kwa sababu ni mweupe pe, na mbwa mweupe katika vumbi la huku ni kazi ya sabuni. Isitoshe, jicho lake moja ni la buluu na watoto wengine walikuwa wakiliogopa. Binti yangu hakuliogopa.

Mwanzoni tulimsifu kwa utulivu. Matatu zinapiga honi, jirani amefungulia redio kwa sauti ya harusi, naye amelala fofofo. Lakini geti la mabati likibamizwa, anaruka. Hapo ndipo wengi hukata shauri kwamba mbwa anasikia vizuri ila ni mkaidi. Geti likibamizwa sakafu hutetemeka, na mtetemo huo humfikia kupitia nyayo na kidevu alichokilaza chini. Ukitaka kumjaribu nyumbani, usikanyage sakafu kwa kishindo, wala usipige makofi karibu naye kwa sababu upepo wa viganja humgusa. Ngoja alale juu ya godoro, simama mbali kidogo nyuma yake, kisha utikise funguo. Tena ujue kwamba jaribio hilo haligundui uziwi wa sikio moja. Mbwa wa namna hiyo huitika, ila hajui sauti imetoka wapi, na mara nyingi hugeukia upande usiofaa.

Nilimpeleka kwenye kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, kwa kuwa ni karibu nasi na pia alihitaji chanjo. Daktari alimpa mwenzake kazi ya kumchezea Pamba kwa mbele, yeye akasimama nyuma na kuanza kufanya kelele za kila aina. Hata sikio halikutikisika. Alitueleza kwamba kipimo cha uhakika kinaitwa BAER: nyaya ndogo hubandikwa kichwani, sauti hupitishwa sikioni, na kompyuta husoma kama neva zinapeleka habari kwenye ubongo. Kwa Pamba, alisema, hata bila kompyuta mambo yalikuwa wazi.

Nilitaka kujua kama kuna kitu alichokula au kama aliangushwa. La, kisa ni weupe wenyewe. Zile seli zinazotengeneza rangi ya manyoya zina kazi nyingine ndani ya sikio, kwenye mrija uliojisokota ambao hupokea sauti. Pale ambapo seli hizo hazikufika, zile zinazosikia hukosa kutunzwa na hufa. Mtoto wa mbwa huzaliwa masikio yamezibana, yakafunguka akifikisha kama wiki mbili, na kufikia wiki ya tatu au ya nne uharibifu huwa umeshatokea. Hakuna dawa ya matone itakayorudisha kitu. Si kila mbwa mweupe ni kiziwi, lakini jamii zenye weupe mwingi huathirika zaidi: kwa Dalmatian, wale weupe wenye madoa, waliopimwa Marekani, karibu 30 katika kila 100 walikuwa na tatizo, na kati yao 8 hivi hawakusikia kwa masikio yote mawili. Wale wa madoadoa yaliyofifia wanaoitwa merle, ukiwazalisha wao kwa wao, kwa wastani robo ya watoto hurithi jeni ya rangi hiyo mara mbili, na hao huwa hatarini kwa masikio na kwa macho pia. Nalisema hili kwa ajili ya vijana wanaouza watoto wa mbwa kandokando ya barabara na kusifia macho ya buluu ili wapandishe bei.

Niliporudi nyumbani msimamizi wa ploti alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza: "Mama, mbwa asiyesikia atalinda nini?" Nitaijibu mbele. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: mtoto atamkanyaga akiwa usingizini, naye atashtuka na kung'ata. Kuna wakati hata chama cha wafugaji wa Dalmatian huko Marekani kilikuwa kikishauri kwamba wasiosikia kabisa wauawe wakiwa wadogo, na hofu hiyo hiyo ya kung'ata ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Walioishi na mbwa hawa wanajua kwamba uziwi haumfanyi mbwa kuwa mkali. Ila kushtuliwa usingizini ni jambo la kweli, hata kwa binadamu, kwa hiyo somo letu la kwanza likawa kuamka.

Somo lenyewe ni hivi. Unakaribia polepole akiwa amesinzia tu, hajazama. Unaweka mkono karibu na pua yake bila kumgusa, ukiwa umeshika omena. Harufu ndiyo inayobisha hodi. Akifungua macho, anakuta mtu anayemjua na omena mdomoni. Baadaye unaongeza mguso: vidole viwili begani, vyepesi, halafu omena papo hapo. Ukiona guso la bega linamfanya atafute mkono wako badala ya kuruka, unajaribu akiwa amelala zaidi. Huanzi kwa usingizi mzito, na huanzi mgongoni wala mkiani. Sehemu ni ile ile kila siku, na kila mtu wa nyumba anaitumia. Kitanda chake tulikisogeza kikaegemea kona, ili asije akafikiwa kutoka nyuma, na watoto wote wa ploti wakapewa sheria moja: hakuna kumruka Pamba akiwa amelala. Walipenda zaidi kazi ya omena kuliko sheria. Siku hizi binti yangu humwamsha kwa kumgusa bega naye anaamka mkia ukipiga sakafu kabla hata macho hayajafunguka vizuri.

Omena ninaisifu kwa sababu ina harufu kali, ni ndogo, na haikufilisi. Maini ya kuchemsha yaliyokatwa vipande kama punje ni mazuri zaidi, lakini mfukoni ni balaa.

Sasa macho. Fundi anayenishonea sare za shule pale soko la Kangemi ni kiziwi, na tumefanya biashara miaka mingi kwa mikono, simu na msaada wa binti yake. Nilipomweleza habari za Pamba alicheka kwanza, kisha akaniuliza kitu ambacho kilipanga mafunzo yote: huyo mbwa anajuaje kwamba unasema naye? Kwao hakuna anayeanza kusema kabla ya kupata macho. Wanapunga mkono pembeni mwa uso wa mtu, wanagusa bega, wanakanyaga sakafu ya mbao mara moja ili mtetemo umfikie, au wanazima na kuwasha taa. Yote hayo nilikuwa nikiyaona kibandani kwake na kuyapita. Yote, karibu bila kubadilisha kitu, yanamfaa mbwa.

Kwa hiyo kwa muda mrefu sikumfundisha Pamba kuketi wala kulala. Nilimlipa kwa kunitazama. Nakaa sebuleni na vipande vya maini, yeye anazunguka na mambo yake. Kila akinigeukia, hata kwa bahati tu, kidole gumba kinapanda juu na kipande kinafuata. Kidole gumba hakimaanishi kitu chochote kwa mbwa mpaka kikutane na chakula mara nyingi; baada ya hapo kinafanya kazi ya ile "vizuri!" ambayo wenye mbwa wanaosikia huitoa kwa mdomo. Lazima kipande kifuate kila mara na kifuate upesi, la sivyo kidole kinakuwa kidole tu. Kisha tukahamia barazani, penye vitu vya kutazama. Kisha uani, kuku wa jirani wakiwepo. Kisha getini. Kila tukibadilisha mahali nilianza tena kumlipa kwa vitu rahisi, kwa sababu sebule na geti ni dunia mbili kwake.

Ikafika mahali yeye mwenyewe, akitembea, akawa anageuza kichwa kila baada ya hatua kadhaa kuniangalia usoni. Hilo sijaacha kulilipa hadi leo. Si lazima kwa chakula kila mara, uso wangu ukikunjuka humtosha kiasi. Fundi alikuwa amenionya kuhusu uso. Mimi nilikuwa nikitoa ishara na uso umekauka, akaniambia kupitia binti yake kwamba hapo nimenena nusu. Katika Lugha ya Ishara ya Kenya uso ni sehemu ya sentensi, si pambo. Mbwa pia husoma nyusi, mabega na magoti kabla ya vidole. Alifurahi sana kwamba mbwa anasomeshwa lugha ambayo Katiba ya 2010 inaitambua kuwa lugha rasmi Bungeni pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kila tukikutana huuliza kama mheshimiwa ameshatoa hoja.

Ni yeye pia aliyempa jina. "Pamba" ni letu sisi wenye midomo na la kadi ya chanjo. Jina lake hasa ni vidole viwili vinavyogonga chini ya jicho, kwa sababu ya lile jicho la buluu, jinsi viziwi wanavyopeana majina kwa umbo au tabia.

Baada ya macho kupatikana, ishara zilikuja kwa kasi ambayo ilinishangaza. Kiganja kinachopanda, keti. Kiganja kinachoshuka, lala. Kiganja wima mbele yake, ngoja hapo. Mkono unaozoa hewa kuja kifuani, njoo. Viganja vyote viwili vitupu, vimefunguliwa, maana yake basi, hakuna kingine, nenda zako. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu mbwa anayekutazama kila wakati lazima pia aambiwe lini apumzike. Ukiacha hiyo ya mwisho, nyingine zote nilizifanya za mkono mmoja. Mwanamke wa Nairobi anayerudi nyumbani ana mfuko wa mboga katika mkono wa pili. Uwe unafikiria hilo kabla ya kuchagua ishara nzuri ya mikono miwili uliyoiona kwenye video. Na zisifanane sana, maana kwa mbali, jua likiwa machoni, "ngoja" na "lala" zinaweza kuwa kitu kimoja.

Tatizo letu kubwa la ishara halikuwa la Pamba bali la watu. Mtaani kwetu kila mtu anajua namna ya kumfukuza mbwa: unainama kana kwamba unaokota jiwe. Huhitaji jiwe lenyewe. Mbwa anayesikia husikia pia kicheko, husikia mtoto akisema ni mchezo. Pamba anaona mwili tu, na mwili unaoinama ghafla kwake ni kelele kubwa kuliko honi ya lori. Mama mboga alikuwa akiinama kuokota viazi vyake na mbwa anarudi nyuma akibweka, na mama wa watu hajui amekosa nini. Tulilitatua kwa kuinama sana. Sisi wa nyumbani, watoto, soja wa geti, kila mmoja aliinama mbele yake na kuibuka na omena mkononi. Ilichukua muda. Vijana wa bodaboda walio kwenye stendi ndio walioleta maendeleo makubwa, kwa sababu walifurahia mchezo na wana muda wa kungoja abiria. Kwa sababu hiyo hiyo, mkono kwetu haumpigi. Ukimpiga mbwa anayesikia kwa mkono, bado una sauti ya kumbembelezea. Ukimpiga huyu, umeuchafua mdomo wako pekee.

Kung'ata kwa mchezo kulinipa kazi ambayo sikuitarajia. Watoto wa mbwa hupimana nguvu za meno kwa kelele: mmoja akiuma sana, mwenzake anapiga ukwenzi na mchezo unasimama. Pamba hakuwahi kupata taarifa hizo, kwa hiyo aliuma kwa nguvu zote akiwa na furaha tele. Ukwenzi wangu haukuwa na maana kwake. Kilichofaa ni kugeuka, kukunja mikono na kuwa mti, mchezo ukafa hapo hapo, kisha kuanza upya baada ya muda mfupi. Simba, mbwa wa jirani, alimsaidia kuliko mimi. Yeye akiumwa huinuka na kuondoka.

Usiku ishara hufa. Ni jambo dogo kulisema, lakini Nairobi saa kumi na mbili na nusu jioni kiza kinaingia mwaka mzima bila kungoja mtu, na stima hupotea inapotaka. Ndiyo maana mguso si nyongeza, ni nusu ya lugha. Vidole viwili begani ni "nitazame". Kiganja bapa kifuani ni "simama". Kugusa kidogo upande wa nyonga ni "sogea". Nilizifundisha mchana, mguso kwanza halafu ishara anayoijua mara tu baada yake, mpaka mguso ukatosha peke yake. Kumpapasa kwa mapenzi tunakufanya kwa mkono mzima, masikioni na kidevuni, ili asichanganye na maagizo. Kumwita kutoka uani usiku nawasha na kuzima taa ya barazani, na stima ikiwa hakuna, tochi ya simu ninaielekeza chini mbele ya miguu yangu. Usimwelekezee tochi kwenye ukuta aifukuze, na zile kalamu za mwanga mwekundu ziache kabisa. Mbwa huweza kunaswa na mchezo huo akawa anawinda kila mwale unaopita, na kwa mbwa ambaye mwanga ni wito wake, hapo umevuruga kila kitu.

Wengi huniuliza kuhusu mikanda ya shingoni inayotetemeka. Ipo, na ile inayotetemeka si sawa na ile inayopiga shoti. Ya shoti sitaki kuiona. Ya mtetemo hufundishwa kama bega: mtetemo, anatazama, analipwa. Anayeishi Karen na ana ekari nzima pengine itamfaa. Katika ploti yangu, kufika alipo Pamba ni hatua kumi, na nina miguu.

Kuhusu ulinzi, msimamizi amenyamaza. Pamba hulala kifua chake kikiwa kwenye sakafu ya baraza, na geti likifunguliwa huinuka. Pua yake haijapungukiwa kitu. Zaidi ya hapo humsoma Simba: masikio ya Simba yakisimama, Pamba tayari anatazama upande huo huo, kisha anabweka kwa sauti nene ambayo yeye mwenyewe haijui na ambayo jirani wa juu amenilalamikia mara kadhaa. Kumnyamazisha ninagusa bega, napata macho, namwonyesha viganja vitupu. Kwa kawaida hutii.

Nje ya geti hatoki bila kamba. Hilo halina mjadala, hata angekuwa na ishara mia. Bodaboda inayotoka nyuma bila taa haimpi mtu muda wa kugusa bega. Tukienda kutembea msitu wa Karura siku za mapumziko, ambako mbwa wanaruhusiwa wakiwa wamefungwa kamba, ninampa kamba ndefu apate uhuru wa kunusa, na hapo ndipo ninapoona faida ya sebule: anafika mwisho wa harufu, anageuza kichwa, ananitafuta. Kwenye mkanda wake kuna kibati chenye namba yangu ya simu na neno moja, KIZIWI, kwa herufi kubwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa alianza akiwa na miezi mitatu na tunairudia kila mwaka. Mbwa yeyote anapaswa kuchanjwa, lakini mwenye mbwa anayeweza kushtuka hana hata kisingizio.

Kimoja bado kinatushinda. Paka wa bucha ya kona, aliyenona kwa mabaki, hukaa juu ya kaunta na kumtazama Pamba bila kupepesa, na Pamba humtazama yeye. Hapo maini hayanunui kitu, bega naligusa na hageuki, na kidole gumba changu kinasimama hewani bila wa kukiona. Nimejaribu kuanzia mbali, ng'ambo ya barabara, nikimlipa kila akiweza kuyatoa macho. Wiki jana alinigeukia tulipokuwa usawa wa duka la dawa. Mwenye bucha anasema tukivuka barabara salama atatupa mfupa.